Hedhi isiyo na mpangilio na dawa za kupevusha yai



Katika kliniki ya akina mama haipiti wiki bila kumpokea mwanamke anayesema, "Nesi, siku zangu hazieleweki, na mtoto sipati." Wengine wameolewa mwaka mmoja uliopita, wengine miaka saba. Wengi huja peke yao, bila mume. Na wengi huja na pakiti tupu mkobani, pakiti za vidonge vya klomifeni walivyonunua dukani kwa ushauri wa rafiki au wifi, wakavimeza mwezi baada ya mwezi bila kupimwa chochote.

Kwa sababu hiyo mwezi huu tumeona vema tujifunze pamoja juu ya dawa za kupevusha yai. Ni dawa nzuri, na nyumba nyingi zimepata watoto kwa msaada wake. Lakini ni dawa ya shida moja tu, nayo ni yai lisilopevuka. Hazizibui mirija iliyoziba, wala mbegu za mume haziongezeki kwa sababu mke amemeza kidonge. Basi kabla ya kuuliza, "Nimeze nini?" yatupasa kuuliza, "Ni kitu gani kinachozuia?"

Tuanze kwa kusema kwamba shida ya kukosa mtoto si laana wala si jambo la watu wachache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya kila watu 6 hupatwa na shida hiyo wakati fulani maishani mwake. Tena katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanaume naye anahusika, ama yeye peke yake ama pamoja na mkewe.

HEDHI YA KAWAIDA NI IPI?

Siku za mwezi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kutoka damu hadi siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Si lazima ziwe siku 28 kamili, na kutofautiana kwa siku mbili tatu si ugonjwa. Tunasema hedhi haina mpangilio pale mizunguko inapozidi siku 35 mara kwa mara, au inapokuwa pungufu ya siku 21, au mwanamke anapopata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka.

Kwa nini jambo hili linahusu uzazi? Kwa sababu yai hupevuka na kutoka katika ovari kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Angalieni vema: ni kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya hedhi iliyopita. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, wakati mbegu za kiume zaweza kuishi mwilini mwa mke hadi siku 5.

Tuchukue mfano. Mama mmoja alipata hedhi tarehe 3 Mei, kisha tarehe 20 Juni, kisha tarehe 5 Septemba. Mzunguko wa kwanza ni siku 48, wa pili ni siku 77. Mama huyo amesikia kwamba "siku ya 14 ndiyo yenyewe", naye amehesabu kutoka tarehe 3 Mei akapata tarehe 16 Mei. Lakini kama yai lilipevuka katika mzunguko ule wa kwanza, lilipevuka karibu na tarehe 6 Juni, yaani wiki tatu baada ya siku aliyoitegemea. Si hivyo tu. Mwenye mzunguko wa siku 28 hupata nafasi kama 13 kwa mwaka, na mama huyu hata tukihesabu vizuri hafikishi 8. Tena katika mizunguko mirefu namna hii, mara nyingi hakuna yai lililopevuka hata kidogo. Damu hutoka tu kwa sababu utando wa ndani ya mji wa mimba umekuwa mzito ukashindwa kujishikilia. Kuona damu si uthibitisho kwamba yai limepevuka.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalomwomba kila mama ni kuwa na daftari au kalenda. Aandike siku ya kwanza ya kila hedhi. Kama amejifunza kuuangalia ute kwa njia ya Billings, ambayo madaktari John na Evelyn Billings, mume na mke wa Melbourne, Australia, waliianzisha katika miaka ya 1950, na auandike pia. Ute unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku huonyesha siku za rutuba. Lakini mwenye hedhi isiyo na mpangilio ajue kwamba kwake ute huo waweza kuja na kupotea mara kadhaa bila yai kutoka. Daftari la miezi mitatu au minne humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

KWA NINI YAI HALIPEVUKI?

Yai halijiamulii lenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, kubwa kiasi cha punje ya njegere. Tezi hii hutuma homoni katika damu kuziamuru ovari ziivishe yai. Yai linapoiva, ovari nazo hutoa homoni ya estrojeni, ambayo huijulisha pituitari kwamba kazi inaendelea. Mawasiliano haya yakiharibika popote, yai halipevuki. Sababu tunazokutana nazo zaidi ni hizi:

1. Ovari zenye vifuko vingi. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Hali hii ilielezwa mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal. Inakadiriwa kwamba kati ya wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wanayo, na wengi wao hawajui. Dalili zake ni hedhi ya nadra, chunusi nyingi, nywele kuota kidevuni na kifuani, na mara nyingi unene wa tumboni, ingawa hata mwembamba aweza kuwa nayo. Akina mama wengi hupigwa ultrasaundi wakarudi nyumbani wakilia kwamba wana uvimbe. Jamani, vifuko hivyo si uvimbe wala si saratani. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakasimama njiani.

2. Uzito. Unene uliozidi huvuruga homoni, na kukonda kupita kiasi vilevile. Mwili wenye njaa huahirisha uzazi.

3. Tezi ya shingoni, yaani tezi ya thairoidi, ikifanya kazi kidogo mno au kupita kiasi.

4. Homoni ya maziwa ikizidi. Mwanamke asiyenyonyesha akiona maziwa yanatoka matitini na hedhi imepotea, amweleze daktari. Dawa nyingine, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zaweza kuleta hali hiyo. Asiziache mwenyewe, bali azungumze na aliyemwandikia.

5. Kutoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Mama akipoteza damu kupita kiasi, pituitari yaweza kukosa damu ikafa. Baadaye mama hakosi hedhi tu, bali hata maziwa hayakumtoka, na anabaki mchovu siku zote. Daktari Sheehan wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1937. Mama wa namna hii anahitaji matibabu kwa ajili ya uhai wake mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto tu.

6. Sindano za kuzuia mimba za miezi mitatu mitatu. Baada ya kuziacha, wanawake hukaa wastani wa miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kupata mimba. Hapo subira ndiyo inayohitajika, si vidonge.

7. Ovari kuchoka mapema, kabla ya miaka 40. Hapa dawa za kupevusha yai hazisaidii sana, kwa kuwa mayai yenyewe karibu yamekwisha.

Kunyonyesha nako huzuia hedhi, wala si ugonjwa. Na sababu ya kwanza kabisa ya mwanamke kukosa hedhi ni mimba. Tumewaona waliomeza dawa za "kurudisha siku" kumbe tayari wana mimba. Kipimo cha mkojo kitangulie daima.

KABLA YA KUMEZA KIDONGE CHA KWANZA

Yai lililopevuka ni kama mgeni anayesafiri. Lazima barabara iwe wazi, na mwenyeji awepo. Kwa hiyo mambo haya yapimwe kwanza.

Mume apimwe. Kipimo cha mbegu ni rahisi, hakiumi, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na vipimo vya mke. Hata hivyo mara nyingi ndicho hufanywa mwisho, baada ya mke kuteseka miaka. Waume wengine husema, "Mimi nilikwisha kuzaa zamani." Hiyo ni habari ya zamani. Maambukizi, joto kali, pombe, sigara na magonjwa mengine huweza kuharibu mbegu baadaye. Tena nguvu za kiume ni jambo moja na wingi wa mbegu ni jambo jingine, mtu aweza kuwa na la kwanza akakosa la pili. Wanandoa wenye wasiwasi wa dhamiri juu ya namna ya kutoa mbegu waulize bila aibu, kwa kuwa zipo njia za kuzipata kutokana na tendo la ndoa lenyewe.

Mirija ipimwe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi 25 na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba Afrika, kuliko sehemu nyingine za dunia, ugumba ulitokana zaidi na maambukizi yaliyoharibu mirija. Kisonono, klamidia, kifua kikuu cha kizazi, uchafu ulioingia baada ya kujifungua au baada ya kutoa mimba, vyote hivi huziba mirija. Kipimo chake ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ya rangi ikiingizwa katika mji wa mimba. Aliyewahi kuugua tumbo la chini pamoja na homa na kutokwa na uchafu asikubali kuanza dawa bila kipimo hiki. Akimeza dawa na mrija umeharibika nusu, mimba yaweza kutunga ndani ya mrija na kuhatarisha maisha yake.

Mke apimwe damu na ultrasaundi. Daktari ataangalia homoni ya thairoidi, homoni ya maziwa, sukari, na hali ya ovari na mji wa mimba. Tezi ya shingoni ikitibiwa, au homoni ya maziwa ikishushwa kwa dawa yake, mara nyingi hedhi hurudi yenyewe na klomifeni haihitajiki tena. Wote wawili wapime VVU na kaswende. Mwenye VVU asikate tamaa, maana naye aweza kuzaa mtoto mzima. Aanze kwa kuzungumza na kliniki yake.

Uzito upunguzwe kwa aliyenenepa. Hapa hatusemi mtu awe mwembamba. Kupunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito huweza kurudisha hedhi. Kwa mama wa kilo 90, hizo ni kilo 4 na nusu hadi 9. Apunguze sukari, soda, maandazi na vyakula vya kukaanga, apunguze kipimo cha ugali na wali, aongeze mboga na maharage, na atembee kwa haraka nusu saa kila siku. Hii nayo ni tiba, na huifanya dawa ifanye kazi vizuri zaidi.

Pia aanze kumeza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba. Humkinga mtoto na ulemavu wa uti wa mgongo.

Tunatoa onyo juu ya jambo moja lililozoeleka. "Kusafisha kizazi" si tiba ya ugumba. Kukwangua mji wa mimba bila sababu kwaweza kuacha makovu yatakayozuia mimba ambayo ingekuja yenyewe.

DAWA ZENYEWE NA KAZI YAKE

Klomifeni ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Mwaka 1961 daktari Greenblatt na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba huwafanya wanawake wapevushe mayai, na mwaka 1967 ikaruhusiwa nchini humo kutumika hospitalini. Kazi yake ni kuufumba macho ubongo usiione estrojeni. Ubongo ukidhani ovari zimelala, huihimiza pituitari itume amri kwa nguvu zaidi, na yai huiva. Hapo mnaona kwa nini haiwezi kumsaidia mama ambaye pituitari yake imekufa: hakuna wa kutuma amri.

Humezwa kwa siku 5, kuanzia kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Daktari huanza na kipimo kidogo cha miligramu 50 kwa siku, akiongeza mwezi unaofuata kama yai halikupevuka. Kama hedhi haipo kabisa, kwanza hakikisho litolewe kwamba hakuna mimba, kisha daktari aweza kutoa dawa ya kuishusha.

Letrozoli ni ya pili. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na karatasi iliyo ndani ya boksi husema hivyo. Akina mama wakiisoma hushtuka. Msiogope. Dawa hii hupunguza estrojeni kwa siku chache, na pituitari huamka kwa njia hiyo. Nayo humezwa kwa siku 5. Mwaka 2014 ulitangazwa utafiti wa Marekani juu ya wanawake 750 wenye ovari za vifuko vingi. Waliopewa letrozoli, karibu 27 au 28 katika kila 100 walizaa mtoto hai. Waliopewa klomifeni walikuwa 19 katika kila 100. Tangu hapo mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huo, ule wa mwaka 2018 na ule wa 2023, umeitaja letrozoli kuwa ya kuanza nayo.

Metformini, dawa ya kisukari, huongezwa kwa baadhi ya wanawake wenye ovari za vifuko vingi, hasa walionenepa.

Sindano za homoni hutumika pale vidonge vinaposhindwa. Historia yake yatugusa sisi Wakatoliki. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake hazijibu tena, na pituitari huzidi kupiga kelele, hata homoni zake humwagika kwa wingi katika mkojo. Wataalamu wa Italia waliijua siri hiyo, wakakusanya mkojo wa masista wazee katika konventi za nchi hiyo na kutoa homoni ndani yake. Mwaka 1962, huko Israeli, alizaliwa mtoto wa kwanza kutokana na dawa hiyo, mtoto wa kike. Hivyo masista ambao hawakuzaa kwa ajili ya Ufalme wa Mungu waliwasaidia wengine kuzaa. Sindano hizi ni za hospitali kubwa tu, chini ya daktari bingwa na ultrasaundi ya mara kwa mara, kwa maana zina nguvu nyingi.

Baada ya vidonge, yai hupevuka kwa kawaida siku 5 hadi 10 tangu kidonge cha mwisho. Katika siku hizo mume na mke wakutane kila baada ya siku moja au mbili. Si lazima kila siku, wala mke hana haja ya kuinua miguu ukutani. Mume anayefanya kazi mbali apange likizo yake kwa siku hizo, la sivyo dawa imemezwa bure. Daktari huthibitisha kupevuka kwa yai kwa ultrasaundi au kwa kipimo cha damu wiki moja hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa.

TUTARAJIE NINI, NA TUJIHADHARI NA NINI?

Kati ya wanawake 10 wanaomeza klomifeni kwa shida inayostahili, 7 au 8 hupevusha yai. Wanaopata mimba ni wachache kuliko hao, na wengi wao huipata katika mizunguko 6 ya kwanza. Ikipita 6 bila mimba, kuendelea na dawa ileile si subira, ni kupoteza muda. Mama arudi kwa daktari wafikirie upya. Na mwenye miaka zaidi ya 35 asingoje mwaka mzima kabla ya kwenda hospitali. Miezi 6 yatosha.

Dawa hizi zaweza kuleta joto la ghafla mwilini, kichwa kuuma, tumbo kujaa na hasira za karibu. Hayo hupita. Lakini rudi hospitali mara moja ukiona haya:

- Macho kuona ukungu au vimulimuli. Acha klomifeni hapohapo.
- Tumbo kuvimba kwa haraka, kutapika, kuhema kwa shida au mkojo kupungua. Huenda ovari zimechochewa kupita kiasi. Hutokea zaidi kwa sindano.
- Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, au kuzimia, baada ya kukosa hedhi. Huenda mimba imetunga nje ya mji wake. Usingoje asubuhi.

Jambo jingine ni mapacha. Katika kila mimba 100 za klomifeni, karibu 7 au 8 huwa za mapacha, na kwa sindano huzidi. Wapo wanaoongeza vidonge makusudi ili wapate mapacha. Wanaotamani hivyo hawajakesha pamoja nasi katika wodi ya watoto njiti. Mimba ya watoto wawili au watatu huleta kifafa cha mimba, damu nyingi na watoto wasiofika miezi yao. Mtoto mmoja mmoja ndiyo salama ya mama.

Na mwanamke asiyetafuta mtoto, lakini hukaa miezi mitatu au zaidi bila hedhi, aje pia. Utando wa mji wa mimba usiposhuka kwa muda mrefu waweza kugeuka saratani, na ovari za vifuko vingi huenda pamoja na kisukari.

JE, KANISA LINARUHUSU?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wengine wameacha matibabu kwa hofu. Jibu ni ndiyo. Hati ya Vatikano iitwayo Dignitas Personae, ya mwaka 2008, inataja waziwazi kwamba matibabu ya homoni kwa wenye shida ya uzazi, na upasuaji wa kuzibua mirija, ni halali, kwa sababu huondoa kizuizi na kuliacha tendo la ndoa lifanye kazi yake. Kinachokataliwa, tangu hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, ni kutunga mimba katika maabara mahali pa tendo hilo. Mwenye mashaka amwone padre wake.

Kanisa linafundisha jambo jingine ambalo ndugu wa mume wanapaswa kulisikia. Kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke asiyezaa ni mke kamili. Hakuna mwenye haki ya kumrudisha kwao, wala kumletea mume "msaidizi". Mama mkwe aliyekuwa akiuliza kila Krismasi, "Mbona hatuoni kitu?" afadhali amwambie mwanawe, "Nenda nawe ukapimwe."

Wapo watakaopimwa wote, watatumia dawa ipasavyo, na mtoto hatapatikana. Hao nao ni wetu. Wasifichwe, na jumuiya isiwachoshe kwa ushauri wa dawa za kila aina. Wengine wamepokea watoto yatima na nyumba zao zimejaa kelele.

Kwa kifupi: andika tarehe zako, njoo pamoja na mumeo, pimeni kwanza, na dawa itoke mkononi mwa daktari. Vidonge vya klomifeni vinavyouzwa bila cheti ni vilevile tunavyovitoa sisi. Kinachokosekana dukani ni vipimo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NA WAWATA

1. Kwa nini "siku ya 14" haimfai kila mwanamke?
2. Taja mambo matatu ya kupimwa kabla ya kuanza dawa za kupevusha yai.
3. Ni dalili zipi zinazomtaka mama arudi hospitali bila kungoja?
4. Katika kijiji chetu, mke na mume wakikosa mtoto, nani hulaumiwa? Tufanye nini ili wanaume nao waende kupimwa?